Uzi wa Nne

Uliokatika ulikuwa uzi wa nne wa gita langu, na ulikatika saa kumi na moja jioni, masaa matatu kabla hatujapanda jukwaani. Hiyo ilikuwa Kigoma, Mwanga, mwaka 2004. Nilikuwa napiga ridhimu, gita la kushikilia mdundo, kwenye bendi ya baa, bendi isiyo na hela ya nyuzi za akiba. Nikakimbilia sokoni. Fundi redio akapekua droo yake, akaibuka na uzi mmoja tu: namba moja, ule mwembamba kuliko wote.

Mpiga solo wetu, gita la kuongoza, mzee wa Lubumbashi, Kongo, aliupokea akacheka. "Tia palepale pa ine."

"Mzee, si utakatika?"

"Petit, haiwezi katika. Namba moja banaikazaka mpaka noti ya E. Hii tunaifikisha D tu, iko chini yake."

Akabonyeza uzi wa pili, freti ya tatu (freti ni vile vyuma vya shingoni), akaukaza ule mpya mpaka sauti zikalingana. D ileile ya siku zote, ila juu kwa oktava nzima, yaani D inayofuata kwenda juu. Kwao gita la hivyo huitwa mi-composé, na kwenye rumba hukaa kati ya solo na ridhimu. Miaka yote nililisikia redioni nikidhani wanapiga watu wawili.

Uzi ulikuwa unachezacheza kwenye mfuo wa shingoni uliochongwa kwa ajili ya uzi mnene. Mzee akachana karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaikunja mara mbili, akaitia chini yake. Ukatulia.

Nikashika kodi ya C, kodi ya gita, noti kadhaa kwa pamoja, si ya serikali. Kidole kilichokuwa uzi wa nne, freti ya pili, kikatoa E ileile ya uzi wa kwanza ulio wazi, zote mbili zikalia pamoja zikitetema. Nikapitisha dole gumba uzi mmoja mmoja: sauti haikupanda ngazi kama nilivyozoea, iliruka juu, ikashuka, ikaruka tena. Vidole ni vilevile!

Usiku ule, wimbo wa pili, nikajisahau nikaingia na mapito yangu ya nyuzi nene. Yakatoka kama kuku aliyekanyagwa. Mpiga besi akanigeukia. Basi nikabaki hukohuko juu, sauti za chini nikamwachia yeye. Kwenye sebene, sehemu ya magita na kucheza, mzee alipunguza sauti ya gita lake, akanifanyia ishara ya kidevu: endelea.

Kesho yake fundi redio aliniita kwa mbali, uzi namba nne umepatikana. Nikanunua namba moja, nyuzi mbili.