Sensa Iliyoomba Mchango

Mwanzoni mwa mwaka 2010 tulikuwa tunaishi Columbus, jimbo la Ohio, na shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Mombasa kutusaidia kulea watoto. Asubuhi moja nilirudi kutoka zamu ya usiku, na hata koti sijavua akanipokea na bahasha.

"Mwanangu, serikali imekuandikia. Wanasema usiitupe."

Kweli, ilikuwa imeandikwa kwamba ni waraka rasmi, neno "sensa" likionekana waziwazi pamoja na namba ndefu iliyosajiliwa kwa jina langu. Mwaka huo Marekani ilikuwa inafanya sensa yake ya kila miaka kumi. Matangazo yalikuwa kila mahali, hata imamu wetu alitukumbusha baada ya Ijumaa tujaze fomu. Nami uraia nilikuwa nimeupata majuzi tu. Sikutaka kugombana na serikali kwa ajili ya karatasi.

Nilipoifungua nikakuta si serikali. Kilikuwa chama cha siasa, kimoja kati ya vile viwili vikubwa vya Marekani, kikinieleza kwamba nimeteuliwa kuwakilisha maoni ya wilaya yangu ya uchaguzi. Nikiri kwamba nilifurahi kidogo. Mjadala wa bima ya afya ulikuwa umepamba moto, na mimi nilikuwa na la kusema: bili ya kujifungua kwa mke wangu tulikuwa tungali tunailipa kidogo kidogo.

Swali lao la afya, hata hivyo, liliuliza kama naafiki serikali kunyakua hospitali na kunichagulia daktari. Ndiyo, Hapana, Sina maoni. Bili yangu ningeiweka katika kisanduku gani? La kodi lilikuwa hivyo hivyo, na la mipaka pia: jibu limeshapikwa, wewe unaombwa kupakua tu. Swali la mwisho lilikuwa la pesa. Ningependa kuchangia kiasi gani? Na kama sina uwezo, basi angalau kitu kidogo cha gharama za kushughulikia majibu yangu.

Shangazi alinitaka nimsomee mara ya pili.

"Wakuulize wao, ulipe wewe?" Akacheka mpaka akakaa. "Sisi kule Kenya, kwenye uchaguzi wa mlolongo wa 1988, tulipanga foleni nyuma ya wagombea, watu wanaonekana kwa macho, na bado mwenye mstari mfupi akatangazwa mshindi. Lakini hatukutozwa hata senti!"

Nikatia alama ya "Sina maoni" kuanzia juu hadi chini. Pembeni nikaandika kwa Kiswahili: "Nani anasoma haya?" Nikairudisha bila hundi. Baada ya muda likaja jibu: walinishukuru kwa kusimama nao imara kupinga mipango ya wapinzani wao, wakaomba tena mchango.

Fomu ya sensa yenyewe ilifika Machi. Maswali kumi: nani anaishi hapa, umri, jinsia, asili, nyumba ni ya kupanga au yenu. Haikuuliza chama wala haikuomba dola. Shangazi alitaka kuhakikisha jina lake limo, akanisimamia niliandike herufi kwa herufi.

Mwezi wa Aprili ikatiwa saini sheria kuhusu barua za namna ile: zikitumia neno "sensa" kwenye bahasha, sharti zionyeshe jina na anwani ya mtumaji, na zitamke kwamba hazikutoka serikali kuu. Bungeni hakuna aliyeipinga, na ni rahisi kuona kwa nini. Iligusa bahasha tu. Maswali yaliyomo ndani, na ule mkono unaonyooshwa mwishoni, havikuguswa.

Kiangazi hicho chama cha pili nacho kikaniandikia. Sheria ya afya ilikuwa imeshapita, Rais Obama aliitia saini tarehe 23 Machi, na hawa walitaka kujua kama ningependa turudi kule ambako kampuni za bima humkataa mgonjwa. Shangazi aliniona naisoma, hakuuliza imetoka kwa nani.

"Hawa nao wanataka ngapi?"