Siku Kumi za Kurudi Windows 10

Nina steshenari ndogo Mabibo, karibu na hosteli ya wanafunzi. Oktoba 14, 2025, siku Windows 10 ilipofikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida, nikapandisha laptopu yangu kwenda 11 usiku huohuo. Asubuhi nikajuta. Foleni mlangoni, watu wanataka kuprinti, mimi nakodolea macho kiduara kinachozunguka. Faili la Word nililozoea kulifungua huku nikiuliza "kurasa ngapi?" sasa unamaliza andazi zima hujaliona.

"Bosi, mashine imelala?"

Kijana anayenipigia Windows, yaani kuisakinisha, akaja na dawa yake ya miaka yote. "Kaka, unajitesa bure. Nikupigie saba, itakimbia hiyo!" Kukimbia ingekimbia, sibishi. Lakini saba, yaani Windows 7, iliachwa na Microsoft tangu Januari 2020, na Chrome nayo ikaikatia masasisho 2023. Kwenye mashine hiyo wanafunzi wanajaza maombi ya mkopo, wanaandika nywila zao, na wengine wanaondoka bila hata kufunga akaunti. Saba nikaikataa palepale.

Kumi ndiyo iliyonitesa. Ukijiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa Microsoft (ESU), bado inapata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Na kurudi ni rahisi: unaingia Settings, System, Recovery, unabonyeza Go back. Ila unapewa siku 10 tu, kisha folda ya Windows.old iliyobeba mfumo wa awali inafutwa. Nami nilikuwa siku ya nane. Kumbe siku hizo zinaongezeka, mradi hazijaisha. Nikafungua Command Prompt kama msimamizi, nikaandika:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Miezi miwili ya kufikiri bila presha. Sijui kwa nini jambo hili halitajwi sana vijiweni.

Jioni, duka likiwa tupu, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc, ikafunguka Task Manager inayoonyesha mashine inavyofanya kazi. Sijafungua programu yoyote, lakini diski inasoma 100%. Nikachoka. Laptopu ya mtumba, diski ya kuzunguka, RAM ya GB 4, yaani kile kima cha chini kabisa ambacho 11 inakubali. Hata kumi ilikuwa inajikongoja humo, mimi nimeshazoea tu.

Jumamosi nikashuka Kariakoo. Nusu saa ya kupatana bei, nikaondoka na SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi, ya GB 256 na RAM ya kufikisha GB 8. Fundi akahamisha kila kitu kilivyo, mafaili na printa zangu zote, bila kupiga Windows upya. Siku hizi mashine inawaka kabla sijamaliza kupandisha shata, na Go back sijaigusa.

Saba ninayo bado, kwenye kompyuta ya mezani kule nyuma, kwa ajili ya printa moja kongwe ambayo sijaipatia draiva mpya. Intaneti haijui. Kijana wangu kila akipita anaipigapiga mgongoni: "Si nilikwambia?"