Siku moja maishani mwangu: chupa arobaini na gundi zake

Saa 12 asubuhi. Kazi yangu ni kuosha chupa za kioo zilizotumika ili zitumike tena, na sehemu ndefu ya kazi hiyo ni kubandua lebo. Siku inaanza kwa ukucha. Nazipanga chupa mezani, naikuna kila moja kwenye pembe ya lebo. Karatasi ikichubuka na kulowa upesi nikiigusia kidole chenye maji, najua gundi yake ni ya maji. Ukucha ukiteleza na pembe ikainuka kama ngozi ya kitunguu, hiyo ni stika, na stika haiogopi maji.

Leo zipo arobaini. Ishirini na sita zinaingia majini, kumi na moja zinasubiri joto. Tatu nazirudisha kwenye kreti bila kuzigusa, maana maandishi yake si lebo hata kidogo, ni rangi iliyochomwa kwenye kioo tanurini. Wembe utaisha, maandishi yatabaki.

Saa 1. Naroweka. Beseni kubwa, maji ya moto, na magadi ya kufulia, kama nusu kikombe kwa kila lita 10. Glavu ni lazima, magadi yanakausha mikono mpaka inapasuka. Zenye karatasi ya alumini shingoni naivua kwanza, kwa sababu magadi yanaila alumini na kuanza kutoa mapovu, na maji yanachafuka bure.

Kila chupa naijaza maji yaleyale ndani ili izame. Naanza na vuguvugu, ndipo naongeza ya moto. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilimimina maji yaliyotoka kuchemka juu ya chupa iliyolala nje usiku kucha kwenye baridi. Kitako kiliachana na mwili wake kwa mlio mmoja tu. Upande unaopata moto hutanuka kabla ya mwingine haujajua kuna nini, na kioo hakijui kujikunja.

Saa 2 na nusu. Wakati zile zinaloweka, nashughulikia stika. Siku hizi siziroweki kabisa. Naijaza chupa maji ya moto ndani, hatua kwa hatua kama nilivyosema, naifunga, naiacha dakika chache huku lebo ikibaki kavu nje. Joto linapita kwenye kioo na kuilainisha gundi kutoka nyuma. Kisha nainua pembe na kuvuta polepole, nikiilaza lebo karibu na kioo badala ya kuivutia juu. Ikienda vizuri, gundi yote inaondoka na lebo yake, na chupa inabaki safi kama haikuwahi kubandikwa kitu. Draya ya nywele nayo inafaa, ila inachosha mkono.

Saba zimetoka hivyo. Nne zimeacha gundi.

Saa 4. Narudi kwenye beseni, na hapa ndipo ninapoipenda kazi yangu. Lebo zinaelea zenyewe, nyingine nzima nzima, unaweza kuzisoma. Gundi za aina hii hutengenezwa kwa wanga au kwa protini ya maziwa, na magadi ya moto huzilegeza zote mbili. Ile ya maziwa ndiyo yenye ujanja: huvumilia maji ya barafu bila kubanduka, lakini ikikutana na magadi ya moto inasalimu amri. Viwandani hutumia soda kali zaidi, tena kwa mashine. Mimi nina dodoki.

Nazikusanya karatasi kwa chujio kabla sijamwaga maji. Bomba likiziba, siku yote imekwenda.

Saa 6 mchana. Napumzika. Mgongo.

Saa 7. Zile nne. Mdogo wangu anayenisaidia ameshaanza kuisugua moja kwa maji na sabuni, na gundi imegeuka uji wa kijivu unaohama kutoka upande huu kwenda ule.

"Dada, hii imekataa."

"Haijakataa. Umeipa maji, na yenyewe inataka mafuta."

Napaka mafuta ya kupikia, naiacha kama nusu saa. Gundi za jamii ya mpira hunywa mafuta, zikavimba na kuachia kioo, kisha unazifuta kwa kitambaa. Tatu zimetii. Ya nne haikujali, kwa hiyo nimechukua spiriti, madirisha wazi, jiko limezimwa. Ingegoma hiyo ningekwenda kwenye asetoni, lakini siipendi harufu yake. Na waya wa kusugulia masufuria, ule wa kawaida, haukanyagi meza yangu. Unaondoa gundi, ndiyo, na unaacha mikwaruzo ambayo hakuna dawa ya kuiondoa.

Saa 9. Sabuni ya vyombo kwa zote, hasa zilizopakwa mafuta, kisha suuza mara mbili na kuzipindua zikauke.

Saa 11 jioni. Ukaguzi. Macho hudanganya, chupa yenye maji huonekana safi hata kama si safi. Kwa hiyo nangoja zikauke na kupoa, halafu napumua juu ya kila moja. Mvuke ukitanda sawasawa, imepita. Palipobaki gundi, mvuke hukaa tofauti, na umbo la lebo linarudi kama kivuli: pembe nne, kamili.

Thelathini na sita zimepita. Ya thelathini na saba ni ileile aliyoianza mdogo wangu kwa sabuni. Tumepumua wote wawili, zamu kwa zamu, na mstatili umetokea mara zote mbili. Ameipaka mafuta mwenyewe, safari hii bila kuambiwa, akaisimamisha dirishani ilale hivyo hadi kesho.