Kunyoosha ukuta wa kati wa pua: ni operesheni ipi, na kwa nani?

Tangu nilipofanyiwa operesheni ya pua hapa Dar es Salaam, ndugu na majirani wanaosumbuliwa na pua kuziba hunijia wakitaka kujua kama na wao wakafanyiwe. Siwezi kumjibu mtu bila kujua ukuta wa pua yake umepinda wapi, kwa sababu hiyo tunayoiita kwa jina moja "operesheni ya pua" ni kazi kadhaa zinazotofautiana sana, na mgonjwa anayetia saini fomu ya ridhaa bila kufahamu ni ipi atakayofanyiwa anaweza kutoka chumba cha upasuaji na ukuta ulionyooka lakini hewa ikawa bado haipiti. Mimi si mtaalamu wa tiba. Ninaandika yale niliyoelezwa na daktari wangu, niliyoyasoma kwa makini na niliyoyapitia mwenyewe.

Ukuta unaotenganisha mianzi miwili ya pua umejengwa kwa gegedu (tishu imara lakini inayopindika, kama ya sikio) upande wa mbele na kwa mifupa myembamba upande wa nyuma, na pande zote mbili umefunikwa na utando wenye mishipa mingi midogo ya damu. Ni wachache ambao ukuta huo umenyooka kabisa. Wengine huzaliwa nao ukiwa umepinda, wengine hupinda kadiri uso unavyokua, na wengine huupata upinde kwa kuumia, iwe mpirani, kwa kuanguka au katika ajali ya bodaboda, ambayo kwa jiji hili haihitaji maelezo. Kupinda peke yake si ugonjwa. Huwa tatizo pale unapobana njia ya hewa kiasi cha kumfanya mtu apumue kwa mdomo usiku kucha, au atokwe na damu mara kwa mara pale ambapo hewa inayopita kwa nguvu imekausha utando.

Kabla ya kufikiria kisu, ni lazima kwanza ijulikane ni kiasi gani cha kuziba kunatokana na upinde na ni kiasi gani kunatokana na uvimbe wa utando, maana vumbi la barabara zetu, moshi na ukungu wa kuta za nyumba zisizopata hewa huwapa wengi mzio wa pua. Daktari bingwa wa masikio, pua na koo huchungulia kwa taa na kwa kamera nyembamba, kisha anaweza kupulizia dawa ya kupunguza uvimbe wa utando na kuchungulia tena: pua ikifunguka vizuri baada ya dawa, basi uvimbe ndio unaobeba lawama kubwa, na dawa ya kupulizia yenye steroidi, ikitumika kila siku kwa wiki kadhaa, inaweza kutosha. Dawa hiyo hainyooshi ukuta, lakini hupunguza uvimbe. Ninawasihi wasomaji wasiichanganye na yale matone ya kuzibua pua papo hapo yanayouzwa kwenye maduka ya dawa, kwa mfano yenye oksimetazolini, ambayo yakitumika kwa zaidi ya siku chache mfululizo huifanya pua izibe kuliko mwanzo.

Ikiwa upinde ndio unaobana, operesheni ina faida ya kweli. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2023 katika jarida la BMJ uliwagawa kwa bahati nasibu watu wazima 378, nusu wakafanyiwa operesheni na nusu wakatumia dawa za kupulizia. Baada ya miezi 6, katika kipimo cha dalili kinachoanzia 0 hadi 110, ambapo namba kubwa ni mateso makubwa, waliofanyiwa operesheni walikuwa na wastani wa 19.9 na wenzao 39.5. Utafiti wa Uholanzi uliotangulia, wa mwaka 2019, nao ulielekea upande huo huo. Kwangu mimi tofauti hiyo ni kubwa, na inafaa kumpa moyo mtu aliyeambiwa kwamba pua kuziba ni jambo la kuvumilia tu.

Operesheni ya msingi inaitwa septoplasti. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, au mara nyingine ganzi pamoja na dawa ya kumtuliza, kisha daktari hupasua ndani ya mwanzi wa pua, kwa hiyo usoni hakubaki kovu. Huutenga utando na gegedu polepole pande zote mbili, kazi ninayoamini ndiyo inayodhihirisha ustadi wa mpasuaji, kwa kuwa utando ukichanika pande zote mbili mahali pamoja, ukuta unaweza kubaki na tundu. Gegedu na mfupa vikishakuwa wazi, kilichopinda hukatwa, hupunguzwa au hurudishwa katikati, na utando hulazwa tena na kushonwa kwa uzi unaoyeyuka. Kazi yote huchukua kama saa moja, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wapasuaji kama Gustav Killian wa Ujerumani na Otto Freer wa Chicago walikuwa wakiondoa sehemu kubwa ya gegedu na mfupa, na baadhi ya wagonjwa mgongo wa pua ulididimia baadaye kwa kukosa nguzo. Ndiyo maana leo mpasuaji huhifadhi na kurekebisha kuliko kuondoa, na huacha angalau sentimita 1 ya gegedu juu, chini ya mgongo wa pua, na sentimita 1 nyingine mbele, karibu na ncha. Vipande hivyo viwili, vinavyokutana kama pembe, ndivyo vinavyoibeba pua.

Sheria hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mahali pa upinde huamua kila kitu. Upinde ulio nyuma, au mwiba wa mfupa uliochomoza upande mmoja, unaweza kuondolewa kwa septoplasti ya kamera, yenye mkato mdogo na mwanga unaofika ndani. Lakini upinde ukiwa katika zile nguzo zenyewe, daktari hawezi kuukata na kuutupa. Gegedu la mbele huhitaji kuachishwa, kurudishwa katikati na kushonwa kwenye mfupa ulio chini yake. Na pale mgongo wa pua wenyewe umekwenda upande, mara nyingi hulazimu kurekebisha ukuta na umbo la nje kwa pamoja, operesheni inayoitwa septorinoplasti, ambayo ni ndefu zaidi na uvimbe wake huchukua miezi kwisha. Kwa ukuta uliovunjika vibaya, kuna njia ya kuutoa wote nje, kuujenga upya mezani na kuurudisha, kazi ya mabingwa wachache waliobobea.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii liko kwenye kuta za pembeni. Huko kuna mikunjo ya nyama inayopasha joto na kulainisha hewa, na upande ule ambao ukuta umeuacha mpana, mkunjo wa chini huvimba na kujaza nafasi. Ukuta ukisogezwa katikati bila kuugusa mkunjo huo, mgonjwa huanza kulalamikia upande uliokuwa mzuri. Kwa hiyo daktari anaweza kuupunguza kwa joto la mawimbi ya redio, kuusukuma nje au kuukata kidogo, akijihadhari asiutoe wote, maana pua isiyo nao hukauka na kusumbua maisha yote. Tena, kama pande za nje za pua hunywea ndani mtu anapovuta hewa kwa nguvu, kunyoosha ukuta peke yake hakutoshi. Ukivuta shavu pembeni kwa vidole na hewa ikapita vizuri zaidi, mtajie daktari.

Kwa watoto, kwa kawaida husubiriwa hadi pua imalize kukua, isipokuwa kuziba kukiwa kukali.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ina mabingwa wa masikio, pua na koo, na hospitali binafsi kadhaa jijini zinao pia. Kabla ya kupanga tarehe, uliza bima yako inalipia nini kwa jina la operesheni yenyewe, kwa kuwa kurekebisha umbo la nje kunaweza kuhesabiwa kuwa urembo hata pale ambapo kunahitajika kwa ajili ya kupumua. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda, na yeye ndiye aamue zisimamishwe lini.

Baada ya operesheni, maumivu kwa wengi huvumilika kwa dawa za kawaida. Kero kubwa ni pua kuziba kwa damu iliyoganda, chachi au vibamba vya silikoni ambavyo hutolewa ndani ya takriban wiki moja. Usipenge kamasi, piga chafya mdomo ukiwa wazi, usinyanyue ndoo ya maji, na osha pua kwa maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Meno ya juu ya mbele yanaweza kufa ganzi kwa muda. Lakini pande zote mbili zikiziba ghafla kwa uvimbe laini na maumivu yanayozidi, rudi hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki, kwa sababu damu iliyokusanyika chini ya utando hulinyima gegedu chakula na inaweza kuliua ndani ya siku chache. Na vivyo hivyo kwa yeyote aliyepigwa puani au kuanguka, hata kama hajawahi kupasuliwa.