Presha ya Juni hupunguzwa Julai

Wiki ya mwisho ya Juni ofisi ya mweka hazina wa halmashauri haikaliki. Mzabuni ana ankara mkononi, mhandisi ana hati ya malipo ya mkandarasi, mganga mkuu anaulizia fedha za dawa, na tarehe 30 mwaka wa fedha unafungwa. Mifumo tunayo: GePG kwa makusanyo tangu 2017, NeST kwa manunuzi tangu 2023, MUSE kwa malipo, PlanRep kwa bajeti, FFARS kwa shule na zahanati. Kinachobakiza presha ni kwamba mambo mengi yanaingizwa kwenye mfumo yakiwa yameshatokea mtaani.

Angalia oda. Mkuu wa idara anampigia mzabuni simu, mbao zinashushwa Machi, LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza bidhaa, inatengenezwa Juni siku ankara inapofika. Kufikia hapo kasma, yaani fungu la bajeti la matumizi hayo, imeshaliwa na kazi nyingine, mfumo unagoma kwa kukosa salio, na lawama zote zinamwangukia mhasibu. LPO ikitoka kwenye mfumo kabla mzigo haujapakiwa, fedha inashikiliwa siku ile ile na salio linalosomeka ni la kweli. Kila Ijumaa toa ripoti ya bajeti, matumizi na ahadi (fedha zilizoshikiliwa na LPO), kisha mpe kila mkuu wa idara ukurasa mmoja wenye kasma zake tu. Ukimtumia kitabu cha kurasa 80, hatakisoma.

Hoja nyingine ndogo inayorudi kila mwaka ni kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla mzabuni hajalipwa. Bidhaa zinazouzwa serikalini hukatwa asilimia 2, na asilimia hiyo hupigwa kwenye bei kabla ya VAT. Ankara ya 11,800,000 yenye VAT ya asilimia 18 ina bei halisi ya 10,000,000, kwa hiyo zuio ni 200,000. Anayepiga kwenye jumla anakata 236,000, na mzabuni atakuja kudai 36,000 zake wakati vocha imeshafungwa. Andika bei na VAT kwenye mistari miwili tofauti tangu mwanzo.

Ila kazi inayokula usiku wa wahasibu ni usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha taarifa ya benki na vitabu vyetu. Ukiuacha mpaka mwisho wa mwezi, miamala inakuwa maelfu na waliolipa wameshasahau walilipia nini. Ufanye kila asubuhi kwa miamala ya jana. Pakua taarifa ya benki, pakua orodha ya malipo yaliyopokelewa kupitia GePG, kisha ulinganishe kwa kontrol namba, yaani zile tarakimu 12 zinazoanza na 99. Usilinganishe kwa jina, maana jina moja lina tahajia tatu.

Hapa Excel huwaumiza wengi. Ukibandika kontrol namba kwenye safu ya kawaida utaona 9.91E+11. Tarakimu bado zimo ndani, lakini ukihifadhi faili kama CSV zikiwa katika sura hiyo, nyingine zinapotea. Rejea za benki zenye tarakimu zaidi ya 15 ni mbaya zaidi: Excel inageuza zinazofuata kuwa sifuri bila kukuambia. Akaunti inayoanza na 0 nayo inapoteza sifuri yake, na malipo yakienda na namba hiyo yatarudi. Kwa hiyo weka safu kuwa Text kwanza, ndipo ubandike. Kisha tumia SUMIFS kujumlisha kwa kila kontrol namba, kwa sababu bili inayoruhusu awamu inaweza kulipwa mara tatu, na VLOOKUP itakuonyesha malipo ya kwanza tu.

Tofauti ikibaki, itazame kabla ya kupekua mafaili. Inagawanyika kwa 9 bila baki? Shuku tarakimu mbili zilizopishana: 1,540,000 ikiandikwa 1,450,000 inaacha 90,000. Haigawanyiki? Igawe kwa 2 na utafute kiasi hicho, huenda kimeingizwa upande usio wake. Malipo yaliyokataliwa na benki ya mpokeaji yana tabia yake pia: fedha imerudi kwenye akaunti, ila leja bado inasema imelipwa. Rekebisha ingizo siku hiyo hiyo, la sivyo mpokeaji ataambiwa kalipwa huku fedha yake imelala kwako.

Kwenye mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru vijijini, cha kufuatilia ni muda. Mtendaji anaweza kukusanya ushuru bila mtandao, na fedha isipofika benki mapema inageuka fedha mbichi inayotumika papo hapo. Kila siku toa orodha ya mashine ambazo hazijaonekana mtandaoni, na deni la kila moja ambalo halijapelekwa benki. Siku ya pili piga simu. Siku ya tatu mtu aende. Deni la siku tatu hulipika kwa mazungumzo, deni la miezi mitatu linaishia kwenye hoja ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Tunaomba sana jambo moja kwa maafisa masuuli, yaani wanaowajibika kwa fedha za ofisi: msimpe mhasibu nywila yenu mnaposafiri. Mtu mmoja akiandaa, akakagua na kuidhinisha vocha, kumbukumbu za mfumo zitaonyesha saini tatu zilizotoka kwenye kompyuta moja ndani ya dakika nne, na mkaguzi ataziona. Kaimisheni kwa barua, mfumo umpe kaimu ruhusa yake kwa tarehe maalumu, na irudi mkirudi.

Hesabu za mwaka zinatakiwa kwa CAG ifikapo 30 Septemba. Ofisi iliyosuluhisha benki kila asubuhi inaingia Julai ikiwa na tofauti za siku moja tu za kufuatilia, na miezi mitatu iliyobaki inaitumia kuhesabu mali, kuhakiki madeni ya wazabuni na kuandika maelezo ya hesabu kwa utulivu.