Natalia Vorobieva na mabega mawili mkekani

Juzi, baada ya magharibi, nilikaa na binti ya kaka yangu barazani kwetu Mkomani, hapa Lamu, tukitazama katika simu fainali ya mieleka ya wanawake ya Olimpiki ya London 2012, uzani wa kilo 72. Natalia Vorobieva, msichana wa miaka 21 kutoka Tulun, mji wa mkoa wa Irkutsk huko Siberia, alikutana na Stanka Zlateva wa Bulgaria, ambaye alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia mara tano.

"Shangazi, mbona wamesimamisha?" aliuliza mtoto. Nilimwonyesha kwa kidole: mabega yote mawili ya Zlateva yalikuwa yamebanwa chini, na mabega yakishashikwa hivyo pambano huisha papo hapo, hata kama aliyebanwa anaongoza kwa pointi. Hapo ndipo Vorobieva alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Urusi kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika mieleka, mchezo ambao wanawake waliruhusiwa kuushindania huko kuanzia Athens 2004 tu.

Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia Las Vegas, safari hii kwa kilo 69. Rio 2016 alifika fainali tena, akashindwa na Sara Dosho wa Japani. Mimi naithamini mno medali ile ya fedha, kwa kuwa kurudi fainali baada ya miaka minne, tena katika uzani mwingine, si kazi ndogo. Mtoto aliomba turudie pale pa mabega, tukarudia hadi adhana ya isha.