Siku moja ya kazi yangu: kuwachagulia wanaoanza visahani na mtindo wa kurusha

Gofu ya visahani haina fimbo wala mpira. Unarusha kisahani cha plastiki kutoka jukwaani, yaani mahali pa kuanzia, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo, kile alichokibuni Ed Headrick huko California katika miaka ya 1970. Hapa Ufini viwanja vingi ni vya manispaa na havitozi kiingilio, kwa hiyo gharama ya kuanza ni visahani tu. Kazi yangu Helsinki ni hiyo: mchana kuviuza dukani, jioni kuwafundisha wanaoanza. Hii ni siku ya mwezi wa Juni.

Saa 3:00 asubuhi

Kabla ya kufungua napanga rafu upya. Wateja huvirudisha visahani kwa rangi. Mimi navipanga kwa namba. Visahani vingi vina namba nne juu yake: kasi, kuelea, kupinda na kurudi. Chukua kisahani kiitwacho Leopard, cha kampuni ya Innova: 6, 5, -2, 1. Sita ni kasi kinayohitaji ili kiruke kama kilivyokusudiwa. Tano ni uwezo wa kukaa hewani. Kwa mrushaji wa mkono wa kulia anayetumia bekhendi, yaani anayevuta kisahani kupitia mbele ya kifua, -2 inasema kitapinda kidogo kulia kikiwa bado na mwendo, na 1 inasema mwishoni, mwendo ukishapungua, kitarudi kushoto kidogo tu. Mwenye kutumia mkono wa kushoto abadilishe pande zote.

Saa 4:00

Mlango ukifunguliwa, ombi la kwanza huwa lilelile: "Nipe kinachokwenda mbali kuliko vyote." Mkono unakwenda moja kwa moja kwenye Destroyer: 12, 5, -1, 3. Ni kisahani kizuri sana, ila si chake bado. Anayeanza kwa kawaida hurusha mita 40 hadi 60, na mkono wa namna hiyo haukifikishi kisahani cha kasi 12 kwenye mwendo wake. Ile -1 haionekani kabisa, inabaki 3 peke yake: kinatoka, kinajitupa kushoto, kinaanguka. Ubaya ni kwamba mtu huyo huhisi amekosa nguvu, akaongeza nguvu, akaharibu na mtindo aliokuwa nao.

Kuna na ukingo wenyewe. Wa Destroyer una upana wa sentimita 2 na zaidi; wa Aviar ni kama sentimita 1. Ukingo mpana ni mgumu kuushika kwa vidole visivyozoea, na kisahani hutoka kikitikisika.

Kwa hiyo naweka vitatu kaunta: Aviar (2, 3, 0, 1) cha kumalizia karibu na kikapu, Buzzz ya kampuni ya Discraft (5, 4, -1, 1) cha masafa ya kati, na Leopard cha mbali. Mwenye bajeti ya kimoja tu achukue Aviar au kinachofanana nacho, akirushe kwa kila kitu, kuanzia jukwaani hadi kikapuni. Kisahani cha polepole hakifichi kosa. Ukikirusha vibaya kinatikisika mbele ya macho yako, ukikirusha vizuri kinanyooka, na hakuna mwalimu anayekwambia ukweli haraka hivyo.

Uzito: mtu mzima gramu 165 hadi 175 zinamtosha, mtoto nampa gramu 150 au chini yake. Plastiki: ya bei ya chini, karibu euro 10, inashikika vizuri na inalainika kwa kugonga miti, na kadiri inavyochakaa ndivyo kisahani kinavyozidi kupinda kulia. Ile ngumu ya euro 15 hadi 20 hudumu, lakini asubuhi ya baridi au ya mvua huteleza mkononi. Rangi si urembo. Kijani kinapotelea kwenye nyasi na njano kwenye majani ya Septemba. Waridi huonekana kila msimu.

Saa 7:00 mchana

Dukani kimya. Napitia sanduku la visahani vilivyotumika. Leopard iliyochakaa vizuri inamfaa anayeanza kuliko mpya, maana inanyooka kwa mwendo mdogo. Napitisha kidole ukingoni nikitafuta mikwaruzo yenye makali, kwa sababu hiyo ndiyo inayokata vidole. Kisahani kilichopindika hakiuzwi.

Saa 10:00 jioni

Uwanja wa majaribio, nyasi tupu, na kwanza tunatazama upepo. Upepo wa mbele hufanya kisahani kipinde zaidi kulia, wa nyuma hukikandamiza chini na kukirudisha kushoto mapema. Asiyejua hili hulaumu kisahani.

Kila mtu anarusha Aviar mara tano kwa bekhendi na mara tano kwa fohendi, yaani kutokea upande wa mkono unaorusha bila kuvuka kifua, kwa kusimama tu, bila hatua za kukimbilia. Hatuangalii umbali. Tunaangalia mtikisiko: mtindo unaotoa kisahani kikizunguka kwa utulivu ndio wa kuanza nao. Waliocheza pesäpallo, ile besiboli ya Kifini, au waliokua wakirusha vijiwe vidunde juu ya maji, mara nyingi fohendi huwajia yenyewe.

Bekhendi: vidole vinne chini ya ukingo, dole gumba juu, bega la kulia likitazama lengo. Kisahani kinavutwa kwa mstari mnyoofu usawa wa kifua, kiwiko kikitangulia. Ukikizungusha kukizunguka mwili, hujui kitachomokea wapi. Ukikiachia mapema kinakwenda kushoto, ukichelewa kinakwenda kulia.

Kosa linalowala wengi ni ukingo wa mbele kuinuka. Kisahani kinapanda, kinasimama hewani, kinaangukia kushoto, mita 20 zimepotea. Chanzo ni kiganja kilichokunjwa kuelekea juu, au mkono unaoanzia kiunoni na kumalizia begani. Inamisha kiganja chini kidogo, kama anayemimina chai kutoka birikani, halafu rusha kwa nusu ya nguvu. Watu hushangaa kwamba nusu ya nguvu imekwenda mbali zaidi.

Fohendi: kidole cha shahada na cha kati vimebana ukingo kwa ndani, dole gumba juu, kiganja kikitazama angani, kiwiko karibu na nyonga. Kazi ni ya kiganja, bega linasindikiza tu. Mkono ukigeuka ili kiganja kitazame chini, kisahani kinapinduka na kubiringika ardhini. Anayepinduliwa kila mara nampa kisahani chenye namba ya kurudi kubwa kidogo, kama Roc (4, 4, 0, 3), kisha tunarudi kwenye Aviar kiganja kikitulia.

Saa 12:00 jioni

Kumalizia. Mita 3, kisha 5, na hatusogei hadi vingi viingie. Lenga mnyororo mmoja, si kikapu kizima. Ndani ya mita 10 kanuni inakutaka utulie kwanza nyuma ya alama yako, pale kisahani kilipoangukia, kabla ya kusonga mbele. Anayeanguka kuelekea kikapuni baada ya kurusha amevunja kanuni.

Saa 2:00 usiku

Jua bado liko juu, Juni huzama karibu saa 5. Tunacheza njia chache, kila moja kutoka jukwaani hadi kikapu chake, na hapa mitindo miwili inaeleweka: njia inayopinda kushoto ni ya bekhendi, inayopinda kulia ni ya fohendi. Asiye na fohendi anarusha Leopard kwa bekhendi, ukingo wa nje umeinuliwa kidogo. Mrusho wa juu ya kichwa siufundishi siku ya kwanza. Bega lisilozoea huuma kesho yake.

Saa 3:00 usiku

Tunakusanya, tunafuta matope, kila mmoja anaandika jina na simu chini ya kisahani chake kwa kalamu isiyofutika. Swali la mwisho huwa lini wanunue cha kasi zaidi. Leopard ikifika mita 75 mara kwa mara, ikianza kupinda kulia yenyewe bila kuinamishwa, njoo uchukue cha kasi 9. Kabla ya hapo, nunua Aviar ya pili inayofanana na ya kwanza, ufanyie mazoezi ya kumalizia.